Alama ya LSAT ikikuvunja moyo: namna ya kujipanga upya hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa yule aliyefanya LSAT, mtihani wa kuombea shule za sheria za Marekani, akafungua akaunti yake ya LSAC, shirika linaloutunga, akakuta namba iliyo chini ya ile aliyoisubiri kwa wiki tatu. Huenda umezaliwa Minnesota kwa wazazi kutoka Kenya, umefika Texas na familia yako kutoka Bukavu, au unaomba shule ya sheria ya Marekani ukiwa bado Dar es Salaam. Wote mnafanya mtihani mmoja na kuingia katika mfumo mmoja wa maombi.

Wengi waliopata alama mbaya hujiandikisha tena usiku uleule, kisha hurudia mtihani bila kubadilisha chochote katika maandalizi yao na kupata karibu alama ileile. Swali la kurudia au kutorudia si la leo. Kwanza ujue namba uliyopewa inasema nini na haisemi nini.

Siku mbili za mwanzo

Andika tarehe mbili kwenye karatasi. Ya kwanza ni mwisho wa kufuta alama, ikiwa ulinunua huduma ya kuiona kabla ya kuamua: una siku 6 tangu matokeo yatoke. Ya pili ni mwisho wa kujiandikisha kwa mtihani unaofuata, maana dirisha hilo hufungwa zaidi ya mwezi mmoja kabla ya mtihani, na mara nyingine matokeo yako hutoka likiwa limeshafungwa au linakaribia kufungwa. Ukishaziandika, achana na mambo ya mtihani kwa siku mbili. Usiwaandikie watu wa udahili, usilipe kozi, na usiingie kwenye kundi la WhatsApp kuuliza nani kapata ngapi.

Lala, kula chakula cha moto, toka nje. Nasema hivi kwa uzito, kwa sababu uamuzi wa maelfu ya dola unaofanywa na mtu ambaye hajalala huwa mbaya. Na kama huzuni imefika mahali unawaza kujidhuru, ukiwa Marekani piga simu au tuma ujumbe kwa namba 988, saa yoyote. Mtihani unarudiwa, uhai haurudiwi.

Isome namba kama ilivyo

LSAT hupimwa kuanzia 120 hadi 180, na hapo ndipo familia nyingi zinapopotea. Mzazi akisikia "152 kati ya 180" hupiga hesabu ya shuleni, akapata asilimia 84, akashangaa mtoto analia nini. Lakini 120 ndiyo sifuri ya mtihani huu. Alama ya 152 iko karibu na katikati: kwa makadirio, nusu ya watahiniwa wako chini yake na nusu juu yake. Ukifika 160 umewapita karibu robo tatu ya wenzako, na 170 ni zaidi ya asilimia 90. Kwa hiyo pointi tano pale katikati huwaruka watu wengi sana, na ndiyo maana pengo linaloonekana dogo linauma.

Tazama pia masafa ya alama yanayoandikwa kwenye ripoti yako. LSAC wenyewe wanakubali kwamba kipimo hakiwezi kuwa sahihi hadi nukta, hivyo huonyesha pointi tatu hivi chini na tatu juu ya alama yako. Aliyepata 152 anaweza kuwa na uwezo wa 149 au wa 155. Usijione mjinga kwa tofauti ya pointi mbili ambayo hata waliotunga mtihani hawaichukulii kuwa tofauti ya kweli.

Kitu ambacho ripoti haitakupa, kwa mitihani mingi ya siku hizi, ni maswali yenyewe. Hutajua ulikosa lipi. Kwa hiyo uchunguzi wa kilichokuangusha hauwezi kuanza na mtihani ule. Utaanza na majaribio uliyofanya nyumbani.

Linganisha alama hii na mazoezi yako

Chukua majaribio matano ya mwisho uliyofanya kwa kufuata saa, mtihani mzima, bila kusimamisha muda. Tafuta wastani wake. Usichukue lile moja bora uliloliweka moyoni kama ahadi.

Ikiwa alama yako rasmi iko ndani ya pointi tatu za wastani huo, mtihani haukukuonea. Umepata ulichokuwa nacho, na tatizo liko kwenye maandalizi. Ikiwa iko chini sana, tuseme pointi sita au saba, basi kuna jambo lililotokea siku yenyewe: usingizi, kompyuta iliyogoma, woga, msimamizi aliyekukatiza, homa. Dawa ya tatizo la kwanza ni miezi ya kazi. Ya pili mara nyingi ni kurudia mapema kabla ujuzi haujapoa. Ukizichanganya utapoteza muda na pesa.

Na kama huna majaribio matano kamili ya kulinganisha, hapo tayari una jibu.

Kufuta alama au kuiacha

Kwa watu wengi, ushauri wangu ni kuiacha. Shule hutakiwa kuripoti alama ya juu kabisa ya kila mwanafunzi anayejiunga, kwa hiyo nyingi hutazama zaidi ile ya juu hata kama zinaziona zote. Ukifuta, shule itaona kwamba ulifanya mtihani ukaufuta, na jaribio hilo bado linahesabiwa katika idadi unayoruhusiwa: mara 5 katika kipindi ambacho alama zako bado hutumwa kwa shule, na mara 7 maishani. Asiyenunua huduma ya kuona kwanza hana budi kuamua ndani ya siku 6 baada ya mtihani, gizani. Kufuta kuna maana pale tu alama ilipoporomoka mbali sana na mazoezi yako, na una hakika utarudia.

Kuwaambia nyumbani

Sehemu hii haimo kwenye vitabu vya maandalizi, ilhali kwa vijana wetu ndiyo inayokata usingizi. Mjomba alishachanga. Shangazi alishawatangazia watu kanisani au msikitini kwamba tunapata wakili. Ukikaa kimya watajaza wenyewe pengo la habari.

Anza na mtu mmoja, yule mwenye busara zaidi, umpe habari na mpango kwa pamoja. Kwa mfano:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti iko chini?"

"Matokeo yametoka. Nimepata 152, nilikuwa natafuta 158. Sijafeli, maana mtihani huu hauna kufeli. Shule ndizo zinazochagua. Naruhusiwa kurudia, na kufikia Jumapili nitakuambia kama narudia au naomba kwa alama hii. Naomba tu usimwambie mjomba kwanza, nitamwambia mwenyewe."

Mazungumzo hayo mafupi yana namba, maana yake, siku ya uamuzi, na ombi moja. Mzazi asiyepewa kitu cha kushika atashika wasiwasi. Kwa waliochanga pesa, waambie ukweli kuhusu gharama: kujiandikisha mara moja ni zaidi ya dola 200, na huduma ya kukusanya nyaraka za maombi hulipiwa kando. Ikiwa kipato ni kidogo na una uraia au ukazi wa kudumu wa Marekani, omba msamaha wa ada kwa LSAC kabla ya kulipa chochote. Wengi wanaostahili hawaombi kwa sababu hawajasikia kwamba upo.

Kutafuta ugonjwa kabla ya dawa

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo pointi zinapopatikana.

Tangu Agosti 2024 mtihani hauna tena ile sehemu ya michezo ya mantiki. Sasa zina uzito sehemu tatu: mbili za hoja za kimantiki na moja ya ufahamu wa kusoma. Ya nne ni ya kufanyia majaribio maswali mapya na haihesabiwi, lakini hutaambiwa ni ipi. Kila moja ni dakika 35. Uandishi wa hoja hufanywa kando na haupewi alama. Maana yake ni kwamba takriban theluthi mbili ya alama yako inatoka kwenye hoja za kimantiki. Ukiwa na kitabu cha zamani ulichorithi kwa binamu, kurasa za michezo ziruke kabisa. Maswali ya hoja na ya kusoma yaliyomo bado ni mazuri.

Fanya sehemu moja kwa saa. Kila swali ambalo huna uhakika nalo, liwekee alama. Muda ukiisha, usifungue majibu. Rudia yale uliyoyawekea alama bila saa, taratibu, na uandike jibu lako la pili kando ya la kwanza. Kisha ndipo usahihishe, ukihesabu matokeo mawili: ya ndani ya muda na ya nje ya muda.

Tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo inayokuambia ugonjwa. Ukipata 15 kati ya 25 ndani ya muda na 22 nje yake, unaelewa. Tatizo ni kasi, na kasi hujengwa kwa kurudia aina zilezile za maswali mpaka ziwe za kawaida. Ukipata 15 na 16, muda hauna kosa. Huelewi mantiki yenyewe, na kufanya majaribio mengi zaidi hakutakusaidia; unahitaji kufundishwa upya, na mwalimu, kitabu au mwenzako anayejua.

Chukua swali la aina hii, nimelitunga kwa mfano:

Katika jimbo fulani, hakuna anayepewa leseni ya uwakili bila kufaulu mtihani wa uwakili. Amina amefaulu mtihani huo. Kwa hiyo Amina atapewa leseni. Hoja hii ina kasoro gani?

Jibu sahihi litasema kwamba hoja imechukua sharti la lazima kana kwamba ni sharti linalotosha. Bila mtihani hupati leseni, sawa; lakini hakuna aliyesema kwamba mtihani peke yake unatosha. Huenda Amina bado anachunguzwa mwenendo wake, kama waombaji wanavyochunguzwa kweli. Jibu la kukutega litasema kwamba hoja inadhani mtihani wa uwakili unapima vizuri uwezo wa wakili. Ni sentensi yenye akili, na wewe una maoni yako kuhusu mitihani, hasa wiki hii. Lakini hoja haikugusa ubora wa mtihani hata kidogo.

Aliyechagua jibu la mtego ataandika nini kwenye daftari lake la makosa? Wengi huandika "haraka" au "uzembe". Maneno hayo hayafundishi kitu. Andika hivi: "Nimechagua jibu linalojadili ubora wa mtihani kwa sababu nina maoni juu yake. Hoja haikusema chochote kuhusu ubora. Mara nyingine nitafute hitimisho kwanza, kisha niulize kama ushahidi unalazimisha hitimisho hilo." Sentensi tatu kwa kila kosa. Baada ya makosa thelathini utaona kwamba hukosi maswali thelathini tofauti. Unakosa aina mbili au tatu, tena na tena.

Kwenye ufahamu wa kusoma, wale ambao Kiingereza ni lugha yao ya pili au ya tatu wana mzigo wa ziada, na hakuna haja ya kujificha nao. Kuna makundi manne ya vifungu, moja likiwa na vifungu viwili vya kulinganisha, na mada huzunguka sheria, sanaa na fasihi, sayansi ya jamii na sayansi asilia. Kutojua mada si kosa. Majibu yote yamo ndani ya kifungu. Kinachochosha ni sentensi ndefu zenye kukanusha mara mbili. Zoezi ninalolipenda: soma aya moja, funika, kisha sema kwa Kiswahili, kwa sauti, mwandishi anadai nini na anampinga nani. Ukiweza kulisema kwa lugha yako, umelielewa. Ukibaki unarudia maneno yake ya Kiingereza, rudi usome. Usilifanye hilo siku ya mtihani, lakini kwa wiki sita za mazoezi linajenga usomaji ambao orodha za msamiati hazijengi.

Muda wa ziada upo kwa wenye ulemavu au hali ya kiafya yenye uthibitisho, pamoja na matatizo ya kujifunza ambayo huku nyumbani watu huyaita uvivu. Lugha peke yake haimpi mtu haki hiyo. Kama unahisi una tatizo la umakini au la kusoma ambalo halijawahi kupimwa, lipime sasa, maana nyaraka hutakiwa kufika mapema, sambamba na mwisho wa kujiandikisha.

Ukiamua kurudia

Chagua tarehe kwa kuhesabu kurudi nyuma. Mtihani hutolewa mara kadhaa kati ya Agosti na Juni. Mwenye tatizo la maandalizi ajipe miezi mitatu ya kweli; aliyeangushwa na siku yenyewe anaweza kuingia unaofuata. Kufanya mtihani kila unapotolewa, ukitumaini mmoja utakubali, ni kuzichoma nafasi zako za kurudia.

Kwa wiki, sehemu nne au tano za dakika 35 zilizochunguzwa kikamilifu zina faida kuliko majaribio matatu mazima yasiyosahihishwa. Jaribio zima, na mapumziko yake ya dakika 10 katikati, lifanye mara moja kwa wiki mwezi wa mwisho, saa ileile utakayofanya mtihani. Jibu kila swali hata kwa kubahatisha, kwa sababu jibu baya halipunguzi alama.

Na kumbuka kwamba maombi hushughulikiwa kadiri yanavyoingia. Shule nyingi hufungua dirisha karibu na Septemba, na nafasi na pesa hupungua kadiri majira ya baridi yanavyosonga. Alama nzuri ya Aprili mara nyingi ina thamani zaidi ukiitumia kuomba Septemba inayofuata. Najua kungoja mwaka kunauma, hasa kwa aliyekwisha kuahidi watu. Lakini kuanzia 1 Julai 2026 mkopo wa serikali ya Marekani uliokuwa ukiziba pengo lote la ada, Grad PLUS, umefungwa kwa wakopaji wapya, na wanafunzi wa sheria wamewekewa kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka. Mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya masomo hana haki ya mikopo hiyo kabisa. Katika hali hii, pointi nne zinazokuletea ufadhili zinaweza kuamua kama utasoma au hutasoma.

Ukiamua kuomba kwa alama uliyonayo

Kila shule iliyoidhinishwa na ABA, chama cha mawakili cha Marekani, hulazimika kuchapisha kila mwaka taarifa iitwayo 509. Ndani yake kuna alama tatu za LSAT za wanafunzi wa mwaka wa kwanza: ile ambayo robo wako chini yake, ya katikati, na ile ambayo robo wako juu yake. Utakuta na GPA (wastani wa alama za chuo) kwa mtindo huohuo, ada, idadi ya waliopewa ufadhili na walioacha masomo. Weka alama yako kando ya namba hizo, shule kwa shule. Ukiwa juu ya ya katikati una nafasi nzuri na una nguvu ya kuomba pesa. Ukiwa chini ya ile ya robo, GPA yako au historia yako lazima ibebe mzigo.

Soma pia mstari wa ufadhili wenye masharti. Baadhi ya shule hukupa pesa nyingi mwaka wa kwanza kisha hukunyang'anya pesa hizo wastani wako ukishuka chini ya kiwango fulani, na taarifa hiyohiyo huonyesha ni wangapi walionyang'anywa. Na usikubali shule ya mwisho ya orodha kwa sababu tu imekukubali: angalia kwanza wahitimu wake wanafaulu mtihani wa uwakili kwa kiasi gani.

Maelezo ya nyongeza kuhusu alama andika tu kama una ukweli unaoeleza jambo: ulikuwa hospitalini, uliruka pointi kumi kati ya jaribio la kwanza na la pili, au mitihani ya aina hii haijawahi kutabiri matokeo yako na una ushahidi wa miaka ya chuo. Nusu ukurasa yatosha, bila kulalamika. Safari ya familia kutoka kambini Nyarugusu hadi Ohio haiwekwi hapo. Hiyo ina nafasi yake katika insha ya kujieleza, na si kwa ajili ya kuombea alama huruma.

Njia zisizopita LSAT

Shule nyingi sasa hupokea GRE, mtihani wa jumla wa kuombea masomo ya juu baada ya shahada ya kwanza. Harvard ilitangaza kuipokea mwaka 2017, mwaka mmoja baada ya Chuo Kikuu cha Arizona, na wengine wakafuata. Lakini ukishakuwa na alama ya LSAT, shule huiona, hivyo GRE haiifichi. Inakufaa ukiwa mzuri wa hesabu na hujachoka. Zipo pia shule kadhaa zinazokubali JD-Next, kozi fupi ya sheria ya mikataba inayoishia na mtihani; kwa wanaojifunza vizuri kwa kufundishwa kuliko kwa mafumbo ya mantiki, inafaa kutazamwa.

Na kwa aliyekwisha kupata shahada ya sheria Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, swali ni kama unahitaji JD, shahada ya sheria ya Marekani, hata kidogo. LL.M., yaani shahada ya uzamili ya sheria, kwa kawaida haidai LSAT. New York huwaruhusu waliosoma sheria katika nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza kufanya mtihani wake wa uwakili shahada yao ikionekana kulingana na ya Marekani kwa muda na kwa maudhui. Pakipungua kimoja, LL.M. inayotimiza masharti huziba pengo. California humruhusu mtahiniwa ambaye tayari ni wakili katika nchi yake. Si majimbo yote yaliyo hivyo, kwa hiyo amua kwanza utaishi wapi. Kwa New York, bodi ya mtihani wa uwakili hufanya tathmini ya nyaraka kabla ya kukuruhusu, na kazi hiyo huchukua miezi. Nakala za matokeo zinatakiwa kutoka chuoni moja kwa moja, kwa hiyo ofisi ya msajili wa chuo chako ndiyo ya kupigia simu kwanza.